Tajiri, Mrudishie Mume Wangu Klachi

Mtaa wa Sogea,
Tunduma.

Kwa Tajiri Abdulswamad,
Mwenye magari,
Tunduma.

Shikamoo Tajiri,

YAH: OMBI LA KUTOA GIABOKSI YA OTOMATIKI NA KUWEKA GIA ZA MKONO KWENYE SEMI ANALOENDESHA MUME WANGU

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Bi Zakia na watoto. Mimi ni Ketrina, Mama Eva, mke wa dereva wako Lusubilo. Ni yule niliyekuletea kahawa ya Ihanda sikukuu ya Idi.

Nimesikia lile semi jipya limegoma kwenye mteremko wa Senjele, kompyuta ya giaboksi imekataa kubadilisha gia, na sasa kichwa cha gari kiko gereji kwa fundi Wiliam kinangoja uamuzi wako. Ama otomatiki itengenezwe, ama ing'olewe kabisa na kufungwa giaboksi ya kawaida yenye klachi. Fundi anasema yote mawili yanawezekana. Nasikia unasitasita. Tajiri, usisite. Weka klachi. Sababu ninazo, nami nazipanga kwa namba kama tulivyofundishwa shuleni, usije ukasema mwanamke huyu amekosa shughuli.

1. Mume wangu anarudi nyumbani hajachoka.

Hili ndilo lililozaa mengine yote. Enzi za lile gari la zamani, Baba Eva alikuwa anaingia mlangoni akiburuta mguu wa kushoto. Klachi ilikuwa ngumu, na foleni ya mpakani unaijua mwenyewe: unakanyaga, unasogea kidogo, unasimama, unakanyaga tena. Mimi namchemshia maji, natia chumvi kwenye beseni la bluu, anatumbukiza mguu, na kabla maji hayajapoa anakoroma. Alikuwa analala mpaka siku ya safari. Nyumba ilikuwa na amani yake.

Sasa umempa gari linalojibadilishia gia lenyewe, na mwenzangu anashuka kama mtu aliyetoka kwa kinyozi. Nguvu zimemjaa na hana pa kuzipeleka, basi anazileta jikoni kwangu. Ameonja mboga akasema chumvi imezidi. Amehamisha mkaa. Ameniuliza kwa nini jogoo analala ndani, swali ambalo hata jogoo mwenyewe hajawahi kuuliza. Na tangu gari liingie gereji ndiyo yupo hapa kutwa nzima, Tajiri, ndiyo maana naandika nimejifungia chumbani.

2. Mguu wa kushoto na mkono wa kushoto vimekosa kazi.

Mezani mguu unakanyaga sakafu mpaka mchuzi unaruka. Kanisani ulikuwa unakanyaga benchi la mbele kila kwaya ilipopandisha sauti, mzee wa kanisa akageuka akatutazama wote wawili, kana kwamba na mimi ni dereva. Mkono nao unashika kila kilichosimama: mchi, mpini wa jembe, mwavuli wa mchungaji.

Juzi akanipokonya mwiko. Akaanza kunieleza kwamba ugali unasongwa kama unavyopanda mlima Kitonga, haraka hazitakiwi, unaanza na gia ndogo. Nikakaa pembeni nimekunja mikono, nangoja uungue. Haukuungua. Ulikuwa mlaini kuliko wangu, na kusema kweli iliniuma.

3. Jina langu limechafuka.

Mama yangu alikuja kutoka Ihanda na debe la mahindi. Kafika uani, kamkuta mkwe wake amechuchumaa anasugua sufuria. Jamani! Maji hakunywa. Akanivuta nyuma ya nyumba akaniuliza nimemlisha nini mtoto wa watu. Limbwata, Tajiri! Mama mzazi, aliyenipeleka mwenyewe kubatizwa, ananishuku kwamba nimemtilia mume dawa ya mapenzi kwenye chakula. Nikaapa mpaka nikalia. Akaondoka akitikisa kichwa.

Ilipofika Jumapili mtaa mzima unayo habari. Jirani yangu Mama Ombeni, ambaye mume wake bado anaendesha gari la gia na anarudi akichechemea kama mwanamume mwenye heshima zake, alinipandisha na kunishusha kwa macho. Lakini wale wale wanaonisema bombani, wanakuja uani kwangu mmoja mmoja kuniomba hiyo dawa. Mmoja alivuka mpaka kutoka Nakonde, ana kuku mkononi. Nikamwambia hakuna dawa, ni giaboksi. Akaniuliza inachemshwa au inasagwa.

4. Ananiuliza maswali.

Hapa naomba usome ukiwa peke yako. Nimeishi na Baba Eva tangu nikiwa binti, lakini kumbe nilikuwa naishi na mgongo wa mtu aliyelala. Sikujua kwamba anaogopa jongoo. Sikujua kwamba akicheka sana anapata kwikwi. Sasa anakaa kwenye kigoda, anachambua maharage na mimi, na kuniuliza mambo. Eti nilipokuwa mdogo nilitaka kuwa nani. Mimi! Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo, hata mwalimu. Nikasahau jiko, vitunguu vikaungua.

Na si hilo tu. Zamani akiondoka nilikuwa nafunga mlango, naendelea kufua. Safari hii iliyopita nilisimama barabarani mpaka tela likapotea, nguo zikanyeshewa kwenye kamba. Tajiri, mimi nilikuwa nimeshazoea upweke wangu, nimeupangilia vizuri kama kabati la vyombo. Leo mtu akichelewa, Tunduma yote naiona tupu. Naogopa. Nimwambie nani? Nakwambia wewe, maana gari ni lako na wewe ndiye uliyelileta.

Kwa hiyo ombi langu ni klachi, tena ngumu. Kama giaboksi nzima ni gharama, basi Wiliam afunge pedali isiyounganishwa na kitu chochote, yenye springi kali, mguu ukanyage mpaka uchoke. Na fimbo ya gia ya uongo pembeni, mkono ufarijike. Kama na hilo haliwezekani, mtoe kwenye lami, mpe trekta la mashamba ya mpunga kule Kamsamba, joto limnyooshe. Hapana, trekta usimpe. Huko atapata mapumziko ya mvua na kuja kukaa hapa msimu mzima.

Nisalimie Bi Zakia, mwambie lile gauni la Idi bado nalisifia. Nisalimie madereva wote wa gari za gia na wake zao wenye bahati. Baba Eva angekusalimu, lakini hajui kama nakuandikia. Yuko nje anamfundisha jogoo kulala bandani.

Mimi ninayengoja klachi kuliko fundi mwenyewe,

Ketrina Mbonile (Mama Eva)

Tanbihi: Tajiri, bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa kisu. Leo nilimpelekea Mama Ombeni lile beseni la bluu, maana lake limepasuka na mguu wa mume wake umevimba vibaya. Hapa kwangu lilikuwa halina kazi. Niliporudi, Baba Eva akaniuliza tena lile swali lake. Nikamjibu. Nilitaka kuwa dereva. Nilikuwa nakaa kando ya barabara kubwa pale Ihanda, nahesabu malori na kujichagulia langu. Nikangoja anicheke. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye kanga yangu, akanitazama miguu, akauliza kama itafika kwenye pedali. Anasema kichwa kikitoka gereji atakuomba yadi ya magari Jumapili mchana, bila tela, anifundishe. Lakini kwa otomatiki, maana kwa klachi ndoa ingevunjika kabla hatujafika gia ya tatu.

Kwa hiyo niliyoyaandika hapo juu yafute, ila namba nne iache ilivyo. Mwambie Wiliam atengeneze otomatiki, na aitengeneze vizuri. Na siku ukiona mkwaruzo mdogo ubavuni, upande wa geti, naomba usimgombeze Baba Eva.