Kamati ya Magurudumu Imefika Bondeni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kuteua Magurudumu ya Gari-Nyumba la Uzazi Salama, ambaye pia ni mimi, Ferdinand. Katibu wa Kamati, ndugu Anania, ambaye ni shemeji yangu lakini alipatikana kwa ushindani. Mtendaji wa Kijiji, ndugu Osea. Viongozi wa dini zote mliokuja na msiokuja. Wazee wetu, akina mama, vijana wa bodaboda, wafugaji pamoja na ng'ombe wenu. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama yupo aliyesahaulika basi ajue amezingatiwa kwa ujumla wake.

(Makofi ya watu aliokuja nao kwenye gari kutoka Tunduma. Sisi wenyeji, hapa uwanja wa mpira, mikono yetu inakinga jua. Mjukuu wangu Happy yuko kwenye mkeka hapa ubavuni kwangu, mimba imetimia na mgongo unamuuma tangu alfajiri. Zahanati iko ng'ambo ya mto Momba, na kinachotuvusha wanawake wa hapa kwenda kujifungua ni mkokoteni wa Mayala na maksai wake. Leo mkokoteni umekalia mawe, maana magurudumu yake yote mawili huyu bwana aliyachukua. Hayo hapo mezani mbele yake, kayafunika kitambaa kama bibi harusi.)

Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba katika andiko letu la awali tuliwaahidi gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda cha mzazi, kitanda cha nesi, jiko, tangi la maji na pazia, gari ambalo nesi ataishi humo humo akizunguka bonde zima la Momba, na ndiyo maana kwa busara kubwa Kamati ilisitisha ujenzi wa nyumba ya nesi hapa kijijini, kwa kuwa haiwezekani mtu mmoja akamiliki nyumba mbili, moja ya matofali na moja ya magurudumu, huo ungekuwa ufisadi.

(Nesi tuliyekuwa naye alilala darasani kwenye madawati mpaka akachoka, akarudi kwao Igamba. Matofali tuliyochoma wenyewe yanaota nyasi.)

Sasa basi, kitaalamu, nyumba huanza na msingi, na gari-nyumba huanza na gurudumu. Kwa hiyo Kamati yangu ikajikita kwenye swali gumu ambalo mataifa mengi yanalikwepa: je, rimu ziwe za chuma, au ziwe za aloi, hizi zinazong'aa ambazo vijana mnaziita spoti? Tukafanya upembuzi yakinifu. Tukafanya semina elekezi Mbeya, hotelini, kuhusu maana ya duara. Tukafanya ziara ya mafunzo nje ya nchi, kule Zambia, ambako tulikaa mwezi mzima tukitazama magurudumu ya malori yaliyokwama foleni, na nachukua nafasi hii kuishukuru Nakonde kwa mapokezi.

(Nakonde! Watu wa Tunduma wanavuka mpaka kununua sabuni na kurudi kabla uji haujapoa, huyu kaenda na sanduku la nguo.)

Matokeo ya utafiti yanaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya wadau wanapenda aloi. Aloi ni nyepesi. Aloi ina mvuto. Aloi inamwambia mwekezaji kwamba hapa pana maono. Chuma, kwa upande wake, ni kizito, kinashika kutu, na kina tabia moja mbaya sana ya kizamani, kwamba kikijikunja shimoni, mtu yeyote mwenye nyundo anakaa chini ya kivuli anakinyoosha, safari inaendelea. Nawauliza, taifa litaendelea vipi kama kila kitu kinanyooshwa kwa nyundo? Wataalamu wa kutuagizia vipuri watakula wapi?

(Mmoja wa watu wake anacheka, anaona wenzake hawacheki, anakohoa.)

Wapo wapotoshaji watakaosema kwamba jana, wakati msafara wangu unashuka bondeni, rimu moja ya aloi ilipasuka. Haikupasuka. Ilipata ufa wa kitafiti. Rimu hizo nimezifunga kwenye gari langu binafsi, zote nne, kwa moyo wa kujitolea, ili zifanyiwe majaribio kabla mama mjamzito hajazikanyagia, na ufa umetuletea takwimu ambazo bila ufa tusingezipata. Tatizo ni barabara yenu, ambayo haikushirikishwa.

Na sasa, kwa heshima kubwa, nazindua sampuli! (Anavuta kitambaa. Magurudumu ya Mayala yametokea, yamepakwa rangi ya fedha, moja limeandikwa CHUMA KUSHOTO na lingine CHUMA KULIA. Ng'ombe wa Mayala wangeyajua hata hivyo.) Haya, ndugu zangu, ni magurudumu ya kienyeji ambayo Kamati iliyaazima kwa mfugaji mmoja mzalendo, kwa ajili ya ulinganisho, na yatabaki chini ya ulinzi wa Kamati mpaka mchakato ufike tamati.

(Happy amenishika goti. Namtazama usoni, naona si mgongo tena. Maji yamemwagika kwenye mkeka. Nimemwambia Fausta, mama yake, avue kanga yake ya pili. Mayala amesimama. Ni mtu wa maneno machache, akiwa na watu wa ofisi huwa anavua kofia, na leo pia kaivua.)

Naona mkono pale nyuma. Kwa utaratibu maswali ni mwishoni, lakini mimi ni kiongozi msikivu. Sema, mzee wangu.

(Mayala kasema: "Mheshimiwa, naomba magurudumu yangu. Huyu binti anajifungua.")

Ahsante sana kwa swali zuri. Nimelipokea. Ni swali mtambuka, linagusa usafiri, linagusa afya, linagusa mali za Kamati, kwa hiyo siwezi kulijibu kwa jazba, litaingizwa kwenye mpango kazi, litajadiliwa na wataalamu, na namwomba huyo binti awe na subira ya kizalendo, kwa sababu tunachokijenga hapa si kwa ajili yake yeye tu, ni kwa ajili ya akina mama wote watakaojifungua baada ya bajeti.

(Subira! Mimi nimezaa tisa, na sijaona mtoto aliyesubiri bajeti. Nimeinuka na fimbo yangu nikaenda mpaka mezani. Nimemwambia, "Ferdinand, mama yako alipandishwa mkokoteni wa babu yake Mayala akiwa na wewe tumboni. Sogea." Hakusogea, basi nimelisukuma gurudumu la kushoto likamwangukia karibu na kiatu. Akasogea.)

Naam. Naona, mabibi na mabwana, akina mama wameguswa na hotuba, sasa wanakuja mbele kuyashika magurudumu kwa mikono yao wenyewe. Huu ndio ushirikishwaji! Ndugu Anania, waandike majina. Naona wanayabingirisha. Vizuri, yabingirisheni, yatazameni pande zote, hii nayo ni hatua ya majaribio ambayo Kamati ilikuwa imeipangia mwakani. Lakini yasivuke mstari wa goli, tafadhali. Nimesema yasivuke. Ndugu Osea, wewe ni mtendaji, tenda.

(Osea katenda. Kaleta spana.)

Nawahakikishia msiondoke, bado kuna soda. Nilikuwa nimefika kwenye kipengele cha mafanikio. Tangu Kamati iundwe, tumekaa vikao, tumekula vikao, tumepata nembo, tumepata muhuri, na juu ya yote tumepata uzoefu ambao hakuna mtu atakayeweza kutunyang'anya. Wale wanaofunga nati pale, punguzeni kelele. Na huyo anayefunga nira, ng'ombe hawajaalikwa!

(Tumemlaza Happy juu ya majani makavu, kichwa mapajani kwa Fausta. Mayala amepiga mluzi, maksai wameanza kwenda. Uwanja wote umetufuata, wanaume nyuma wanasukuma, vijana wa bodaboda mbele wanatoa mawe njiani. Amebaki yeye, shemeji yake na kile kipaza sauti, na hicho kinasikika mpaka tunashuka mtoni.)

Gari-nyumba, oyee! Aloi, mbele! Chuma, nyuma! Nasema, aloi, mbele! Sijasikia.

Basi, kwa niaba ya Kamati, na kwa niaba yangu, nawashukuru nyote mliokuwepo mwanzoni. Nawashukuru kwa uvumilivu wenu, kwa matofali yenu, kwa kumruhusu nesi wenu aondoke kwa amani, na zaidi ya yote kwa imani yenu juu ya gari hili, ambalo, kwa kuwa nimebaki na ndugu tu naweza kusema, halijaombwa popote, halina andiko zaidi ya lile la kuomba posho za vikao, na kule mjini hakuna ofisi hata moja iliyowahi kulisikia. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.

(Maji yamefika kwenye ekseli na maksai hawajasita. Happy, katikati ya uchungu, ananiuliza ni gari gani hilo anahangaika nalo yule baba. Nimemwambia anyamaze avute pumzi, gari ni hili alilolalia.)