Tone la Jicho la Kulia

Sogeeni karibu, enyi mnaoshinda mbele ya kompyuta hadi shingo zikakakamaa! Acheni vipanya vyenu, tegeni masikio, niwasimulie vita vya Mama Herufi, mpangaji wa kurasa za vitabu vya shule, mnyooshaji wa mistari iliyopinda, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na miwili hakuna jedwali wala tanbihi iliyowahi kumrudisha nyuma.

Ikawa, katikati ya kitabu cha hisabati cha darasa la nne, macho yake yakamwasi. Yaliwasha, yakachoma kana kwamba yametiwa mchanga, kisha tarakimu zikaanza kuzaa mapacha kwenye skrini. Naye akavumilia, hadi siku alipompita mama mkwe wake ukumbini bila salamu, akidhani ni kabati.

"Mkwe wangu," alisema bibi yule kwa sauti ya kutangaza vita, "nimeishi nawe kwa mengi, lakini kufanywa fanicha, hapana! Kesho unakwenda kwa daktari."

Daktari akayamulika macho yale. "Dada, yamekauka. Ukiikodolea kompyuta macho unasahau kupepesa."

"Nitapofuka?" aliuliza shujaa, na sauti yake haikuwa ya shujaa hata kidogo.

"Hapana. Ila yapumzishe kila baada ya dakika ishirini, tazama mbali. Na utie dawa hii, tone moja kila jicho, mara nne kwa siku."

Tone moja! Ndipo vita vilipoanza. Alasiri ile Mama Herufi alilala kwenye kochi, akakiinua kichupa juu kama mkuki. Lakini lo! Jicho lile lililokuwa likikaa saa nzima bila kupepesa, sasa lilifunga malango yake kabla tone halijachungulia. Tone la kwanza likafa shavuni. La pili likakimbilia sikioni. La tatu likamezwa na mto wa kochi, na la nne, Mungu alisamehe, likaingia puani.

"Nipe mimi hicho kichupa!" alinguruma mama mkwe. Akaketi, akakilaza kichwa cha mkwewe mapajani.

"Mama, naogopa."

"Aogopaye na atazame juu. Nitazame mimi."

Akamtazama. Ni miezi mingapi hakuutazama uso ule? Akaona mikunjo, na juu ya mdomo, kovu dogo jembamba.

"Mama, hilo kovu ulilipata wapi?"

"Nilikuwa na miaka saba. Nikamwambia kaka yangu naweza kuruka ukuta nikiwa nimebeba bata..."

"Bata?"

Jicho likapanuka kwa mshangao, na tone likaanguka katikati yake, pa!

"Kisha ikawaje?" aliuliza Mama Herufi, asijue bado kwamba ameshinda.

"Leta la kushoto, nikumalizie."

Nalo likapanuka lenyewe.

Basi na iandikwe, na wajukuu wasomewe: siku ya Jumatano, saa tisa na robo alasiri, ngome mbili zilizokauka zilifunguliwa kwa bata mmoja, na mkwe na mama mkwe walicheka hadi machozi yakawatoka, machozi ya kwanza ambayo macho yale yalikuwa yametoa yenyewe tangu kitabu cha hisabati kianze.