Jogoo wa Fundi Viatu na Kituo Kikuu cha Uwikaji

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye kwa saa hii ndiye Mwenyekiti, kwa kuwa Mwenyekiti amekwenda kumfuata fundi wa kipaza sauti. Waheshimiwa wajumbe wa kamati ndogo, na wa kamati ndogo zaidi. Mwalimu mkuu, mwenye uwanja huu. Mama mkunga mstaafu, mlezi wa wafugaji. Wafugaji wote wa kuku waimbaji wa kienyeji mliokaa na matenga yenu magotini. Majogoo wenyewe, kila mmoja kwa urefu wa sauti yake. Na yeyote ambaye cheo chake kimenipita, ajihesabu nimemtaja na nimemkalisha mbele. (Makofi ya wajumbe wa kamati.)

Nimesimama hapa, katika siku ambayo mimi binafsi naiita ya kihistoria, kuzindua Kituo Kikuu cha Uwikaji, mradi ulioanza kama wazo kichwani mwangu nikiwa naoga, ukapita katika upembuzi yakinifu, warsha nne, semina elekezi na ziara moja ya mafunzo niliyokwenda mwenyewe ili kuwapunguzia wengine uchovu, na ambao leo umefikia utekelezaji wa asilimia tisini na nne, zile sita zilizobaki zikiwa za kiufundi tu na hazimhusu asiye mtaalamu. (Makofi. Jogoo mmoja anawika, anangojewa amalize.)

Sasa, ndugu zangu, yapo maneno. Kuna watu wanapita wakisema eti wafugaji hawayapendi mashindano ya kuwika. Mimi si mtu wa kuokota ya mtaani nikayameza mazima, kwa hiyo niliunda timu ya kukusanya maoni, nikajiteua kuiongoza, tukapita nyumba kwa nyumba. Tulianza kwa mama mkunga, tukamkuta uani anapepeta mtama. Nikamuuliza kitaalamu: mama, wewe kama mdau katika mnyororo wa thamani wa sauti ya jogoo, unayatathmini vipi mashindano? Akanitazama kama anayekisia miezi ya mimba, akasema, "Mwanangu, kaa kwanza." Nikakaa. Akasema, "Mnapima sekunde. Sekunde ni pumzi tu, hata pampu ya baiskeli inayo pumzi. Jogoo mwimbaji ni yule anayekufanya usimame na ndoo ya maji mkononi mpaka amalize, ndipo ukumbuke kwamba ndoo ni nzito." (Wafugaji: "Kweli, mama.") Nikamweleza kwamba ndoo si kipimo kinachotambulika, naye akaniambia basi nirudi nikishajifunza kuibeba. Kwenye fomu nikaandika: anaunga mkono mashindano, ana changamoto ya maji. (Kicheko.)

Lakini najua mnachosubiri ni habari ya jogoo wa fundi viatu, nami siikwepi, maana uwazi ndio nguzo ya tatu ya mpango mkakati wangu. Jogoo yule, kwa wasiomfahamu, analala chini ya benchi la fundi, anakula punje mkononi mwa fundi, na asubuhi fundi humsalimia yeye kabla ya kumsalimia mkewe, hata shemeji yetu huyo amezoea kumwita "mke mwenzangu". Mwaka jana fundi alishawishiwa, sitaki kusema na nani, kumleta mashindanoni. (Sauti: "Na wewe.") Na mimi. Akapandishwa mezani, akawika sekunde kumi na saba, watu wakasahau kupiga makofi. Ndipo mimi, kwa maslahi mapana, nikaagiza bingwa akae ofisini kwangu wiki tatu ili wageni wamwone.

Sikumtesa. Alikaa juu ya zulia, feni ikimpepea, cheti chake kikiwa ukutani. Siku ya kwanza aliliwikia kabati la mafaili, mara moja. Siku ya pili alifungua mdomo akaufunga. Kuanzia siku ya tatu, kimya. Nikaita daktari wa mifugo, akasema koo ni zima. Nikamwekea kanda ya sauti yake mwenyewe, akanigeuzia mgongo. Katibu muhtasi wangu akaniambia, "Bosi, huyu hana ugonjwa. Ana upweke." Nikamjibu kwamba upweke haumo katika orodha ya magonjwa ya kuku, nikaunda kamati. (Kicheko. Wajumbe wa kamati wanatazama viatu vyao.)

Wiki ya tatu fundi akaja, mikono ina gundi, akasimama mlangoni. Akasema, "Mheshimiwa, naomba mwenzangu." Nikamwambia utaratibu unataka barua. Hakubishana. Alichuchumaa palepale, akavua kiatu chake, akatoa nyundo mfukoni, akaanza kugonga soli, taratibu, kama anavyogonga kila siku kibandani kwake. Na jogoo akainua kichwa. Hakuwika, aliinua kichwa tu, akatembea juu ya zulia mpaka kwenye goti la fundi, akasimama hapo. Mimi nikawa natafuta fomu ya makabidhiano droo hii na ile, na nilipoinuka, katibu muhtasi alikuwa ameshafungua mlango na wawili wale wameshaondoka.

Nyumbani nako alinyamaza siku kumi na mbili. Shemeji anasema fundi alikuwa akikaa benchini kutwa, akigonga hata pale ambapo hakuna kiatu cha mteja, chai inapoa. Siku ya kumi na tatu, saa nne asubuhi, jogoo akawika. Nilimuuliza shemeji kwa ajili ya kumbukumbu: muda gani? Akasema, "Sekunde sita, labda. Lakini mume wangu aliweka nyundo chini akajifuta uso kwa aproni, akadai ni vumbi la ngozi." Hivyo basi, takwimu ziko wazi: jogoo huyu amerejeshewa sauti ndani ya kipindi cha uongozi wangu. (Kicheko kirefu. Mzungumzaji anakipokea kwa kuinamisha kichwa.)

Fundi, simama watu wakuone. Mbona umekuja mikono mitupu? Jogoo wa ufunguzi yuko wapi?

(Fundi viatu: "Yuko nyumbani, mheshimiwa.")

Anafanya nini nyumbani siku nzito kama hii?

("Anaishi.")

Na ubingwa wako?

("Mpeni mwingine. Mimi sina ugomvi na mashindano, mheshimiwa. Bila hayo nisingewajua wenzangu hawa wala sauti za kuku wao. Ila mwenzangu akiwika, nataka iwe amependa. Anayetaka kumsikia aje kibandani, benchi lipo. Aje na jogoo wake, wasikilizane. Sitampima mtu.")

(Mama mkunga anainuka na tenga lake. Wafugaji wengine wanainuka.)

Mama, hotuba haijaisha.

("Endelea tu, mwanangu. Miguu ndiyo inayoondoka, masikio tumekuachia.")

Naona wafugaji wanatoka kwa mpangilio mzuri, bila kusukumana, kuelekea kibanda cha viatu, jambo ambalo kitaalamu linaitwa ugatuaji wa huduma, na ninalitangaza rasmi kuwa Awamu ya Pili ya mradi. (Makofi ya wajumbe wa kamati, ambao sasa ndio mkutano.) Na kwa kuwa tumebaki sisi kwa sisi, niseme neno moja lisiloingia katika kumbukumbu: siku ile fomu ya makabidhiano ilikuwa mezani, mbele ya macho yangu. Niliendelea kutafuta drooni hadi nikasikia mlango umefungwa. Mwandishi, futa hilo.

Nikisema sauti ndefu, mnaitikia maendeleo marefu. Sauti ndefu. (Sauti tatu: "Maendeleo marefu.") Jogoo wetu. ("Fahari yetu.") Kituo chetu. (Hakuna aliyeambiwa kiitikio.)

Kwa hayo machache, namshukuru mwalimu mkuu kwa kutuazima uwanja wa shule, ambao wanafunzi watauhitaji kesho; na kwa namna ya pekee namshukuru mchoraji wa mabango, aliyekichora Kituo hiki kwenye turubai lililo nyuma yangu, na madirisha yake kumi na mawili na bustani, kwa ustadi ambao sijaona mfano wake, maana nje ya turubai hilo hakuna mahali pengine kinapoonekana; na nawaomba wajumbe mliobaki tushikane tukikunje kabla mvua haijashuka, polepole, kuanzia upande wa paa, kwa sababu rangi bado ni mbichi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.