Habari za Hashimu wa Mtawanya na Picha Aliyoipiga Mara Mbili

Sogeeni, enyi mpendao habari za mashujaa, zimeni redio na waacheni kuku wajitafutie pa kulala, maana nawasimulia vita alivyopigana Hashimu wa Mtawanya, mwana wa Shafii, bwana wa tezo na patasi, mtiisha mpingo, siku alipotaka ulimwengu ukione kinyago chake kimoja chenye kimo cha chupa ya soda. Wako waliovuka majangwa, wako walioangusha ngome. Huyu alipiga picha kwa simu. Msicheke kabla ya wakati wake.

Kwa miaka ishirini shujaa huyu alichonga, na kwa miaka ishirini madalali walikuja, wakachukua, wakaenda kuuza mbali, na hakuna mnunuzi hata mmoja aliyepata kujua kazi ile ni ya mkono wa nani. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kusema. Sasa hata madalali walikuwa wameacha kuja. Ndipo shemeji yake, Idrisa mwenye mabega mapana, mbeba magunia wa bandarini, alipomwombea kazi ya ukuli, akasimama uani akanena:

"Shemeji, mimi sikulazimishi. Lakini hicho kinyago huu mwezi wa tatu kinatuangalia tu. Ikifika Jumapili magharibi hakijapata mtu, Jumatatu twende wote bandarini, na hiyo tezo mwachie dada achanjie kuni."

"Nimekubali," alijibu Hashimu, kwa sauti ya mtu atiaye muhuri mkataba wa wafalme, ingawa macho yake yalikuwa kwenye tezo.

Kinyago chenyewe kilikuwa cha mama aliyeketi chini akibangua korosho, shingo kaiinamisha, midomo kaikaza, kidole gumba kimepinda kidogo. Alikuwa marehemu mama yake Hashimu, wala hakumwambia mtu.

Alhamisi asubuhi shujaa akavaa kanzu ya Idi, akanunua bando la wiki kama jemadari ajazaye ghala la chakula kabla ya safari ya vita, akainua simu yake yenye kioo kilichopasuka. Akajiuliza: mama anayebangua korosho akae wapi, kama si juu ya korosho? Akamweka katikati ya korosho ghafi za mkewe Mastura, zilizoanikwa juu ya turubai zikingoja kupelekwa chama cha ushirika. Akapiga picha. Akaandika, "Mzigo upo Mtawanya. Bei maelewano." Akaituma Facebook, akaituma Instagram, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kisha akaketi kuyangoja majeshi.

Majeshi yakaja. Kufika adhuhuri maulizo yalipita arobaini. Kilo bei gani? Zipo tani ngapi? Zimekauka vizuri? Kile kinyago, cheusi na kidogo, kilionekana kama kivuli kilichosahauliwa na mwenyewe. Hashimu akamjibu kila mmoja kwa adabu kwamba hauzi korosho, nao wakazidi kuamini kwamba anauza, ila anaogopa.

Alasiri akaingia mwenyekiti wa mtaa, Mzee Lukasi, uso umekunjamana.

"Hashimu, picha hii nimeletewa na watu watatu. Ndugu yangu, unafanya kangomba mchana kweupe? Unajua fika korosho ghafi haziuzwi kwa vificho nje ya chama."

"Mwenyekiti, mimi nauza kinyago."

"Kinyago kipi?"

Hashimu akakionyesha kwa kidole. Mzee Lukasi akaisogeza simu puani, akaivuta mbali, akaigeuza.

"Hiki? Mimi nilidhani kipande cha mkaa."

Hakuna mkuki uliowahi kumchoma shujaa kama neno lile. Mwenyekiti alipoondoka, Hashimu akakaa kwenye kizingiti na kanzu yake ya Idi. Mastura akatoka ndani na shuka nyeupe ya harusi yao, akaitundika ukutani.

"Baba Zawadi," akanena, "umewaonyesha watu korosho, wakaona korosho. Mweke hapa peke yake. Shika tezo ukae kando yake, watu wamwone na wewe wakuone. Halafu uandike huyu ni nani."

"Ni nani?"

"Mimi nilimjua tangu wiki ya kwanza, kwa kile kidole gumba."

Hashimu akafuta macho kwa mkono wa kanzu, na historia haitamlaumu.

Ijumaa baada ya swala wakapiga upya, Mastura akishika simu. Chini ya picha Hashimu akaandika: "Huyu ni mama yangu, Mwanahamisi, alivyokuwa akikaa kubangua korosho. Ni mpingo, urefu shubiri moja. Nimemchonga mimi, Hashimu Shafii, Mtawanya, Mtwara."

Jumamosi, kimya. Mtu mmoja tu aliuliza zile korosho za juzi kama bado zipo. Jumapili alasiri Idrisa akawasili na buti za ziada, akaziweka mlangoni taratibu, kwa sababu alikuwa mtu mwema. Hashimu akazitazama. Zilikuwa saizi yake.

Hapo simu ikalia, ujumbe umeingia. Alikuwa mwanamke aitwaye Warda, mzaliwa wa Nanyamba, anayefundisha Dodoma.

"Shikamoo kaka," aliandika. "Bibi yangu alikuwa akikaa hivyohivyo, hata kidole gumba kilipinda vile kwa kubangua. Namtaka nikae naye nyumbani. Ila sijaona chini yake. Umeandika jina lako? Kama bado, naomba uliandike. Nikiulizwa nani kamchonga, nataka nijibu."

Hashimu akasoma mara tatu, kisha akampa Mastura asome kwa sauti, asije akawa amejidanganya. Wakaelewana bei, na kabla ya adhana ya magharibi Warda alikuwa amekwisha kulipia.

Basi shujaa akamlaza mama yake kifudifudi mapajani, akashika patasi, na mkono ule uliotiisha mpingo miaka ishirini ukaanza kuchonga herufi saba za jina lake. Idrisa, mbeba magunia, akapiga magoti akamshikilia mama asiteleze.

Jumatatu Idrisa alikwenda bandarini peke yake. Nanyi wana wa Mtwara, itunzeni siku hiyo pamoja na siku zenu kubwa, maana ndiyo siku jina la Hashimu lilipopanda basi kwenda Dodoma, limechongwa chini ya mama yake, limeviringishwa kwenye gazeti la wiki iliyopita.