Utepe Mwekundu

Jumatatu, 4 Machi
Zahanati yetu haijapata mgonjwa mvumilivu kuliko mimi mzee, Opanyin Badu. Uongo. Leo nimegombana na watu wawili hata sijaketi. Kisa? Muuguzi, Sista Serwaa, kaleta utaratibu mpya. Miaka yote mzee huingia kwanza. Sasa anapima watu mlangoni na kuwafunga utepe mkononi. Mwekundu: umezidiwa, ingia. Wa njano: subiri kidogo. Wa kijani: kaa. Nimepewa kijani! Nikasema goti linaniua. Akasema, Nana, babu yangu, goti haliui mtu, keti kule.

Jumanne, 5 Machi
Nimempata. Kwetu nyekundu ni ya msibani. Nikapita benchi kwa benchi nikinong'ona kwamba binti huyu anatuvisha matanga tungali tunapumua. Mama mmoja akang'oa utepe, akautupa. Wenzake wakafuata. Mzee kaingia kwanza! Goti likapakwa dawa. Raha tupu.

Alhamisi, 7 Machi
Sina hamu ya kucheka. Jirani yangu, Maame Dufie, alimleta mjukuu wake Nhyira, anachemka kwa homa. Sista akamfunga mwekundu. Dufie akaufungua: mtoto aliye hai haliliwi, Opanyin kashaeleza yote. Akaja kungoja zamu nyuma yangu. Mtoto akanyamaza. Nikashukuru, kelele zimeisha. Kugeuka, macho yake yamepinduka, mwili umekakamaa. Nikapiga ukelele. Sista akamnyakua, akakimbia naye ndani. Dufie akanikamata shati: Badu we, akifa utaniambia nini?

Jumamosi, 9 Machi
Nhyira kafumbua macho. Kanywa koko, ule uji wetu wa mahindi. Nimekaa nje ya mlango wa kina Dufie, sikuthubutu kubisha. Sista alikuwa ndani, akiwauliza wanawake wazee: aliyeponea chupuchupu huvikwa rangi gani? Wakamcheka. Nyeupe, binti! Huko chuoni mlikuwa mnafundishwa nini?

Jumatatu, 11 Machi
Nyekundu imeondolewa. Aliyezidiwa anafungwa nyeupe, na hakuna anayekataa. Dufie mwenyewe anasimama mlangoni akiwaelekeza watu. Basi nikachana shuka, nikajifunga kipande, nikaingia nikichechemea. Dufie akaniuliza tangu lini tepe za zahanati zina maua. Benchi zima likaangua kicheko. Kijani tena!
Sista, ukiwahi kuyasoma haya, kumbuka aliyepiga ukelele siku ile ni nani. Fadhila hiyo hujanilipa. Sitaki makubwa: utepe mmoja tu mweupe, Alhamisi, kabla Dufie hajafika mlangoni.