Mlango wa Kanazi Uliohamia Biharamulo

Mwizi aliyeng'oa sola ya katekista wa Kanazi hakujua kwamba alikuwa anamfungulia Clever kampuni. Habari ilimkuta Clever Jumapili nje ya kanisa, akisikiliza wazee wakiwalaumu polisi, vijana na serikali ya kijiji, kwa mpangilio huo huo. Katikati yao alisimama Mzee Bonaventura, mnunuzi wa kahawa, ambaye nyumba yake mpya ilikuwa na vigae, nguzo nene barazani, na mlango wa mbao ambao mbuzi mwenye hasira angeweza kuufungua.

Jina la Clever alilipata kwa ubatizo. Wenzake waliopewa majina ya watakatifu walijitahidi kufanana nao wakashindwa. Yeye alijitahidi kulitendea haki la kwake, na mpaka hapo hakuwa ameshindwa. Kesho yake alifika kwa Bonaventura amevaa kizibao cha kung'aa kama cha mafundi wa barabara, futi ya kupimia ikiwa kiunoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa marehemu Danstan?"

"Ndiye mimi. Sasa niko na kampuni, mzee. Tunafunga milango ya chuma na nyavu za mbu. Kampuni ya wazawa. Hawa wanaotoka Mwanza wakishakula hela yako, utamfuata nani? Mimi unanijua hadi kaburi la baba."

Hoja ya kaburi ilimwingia Bonaventura. Akauliza bei, akatajiwa, akashtuka kwa jinsi ilivyokuwa ndogo.

"Mbona rahisi hivyo?"

Clever alitazama nyuma, ingawa huko hapakuwa na kitu ila migomba. "Mlango wenyewe ulipita mpakani Rusumo bila kusalimiana na watu wa ushuru. Ukiulizwa, sema umenunua Mwanza. Na jina langu lisitajwe."

Hapo ndipo mtu mwadilifu huaga na kufunga mazungumzo. Bonaventura, mjumbe wa baraza la walei, alitazama msalaba uliokuwa ukutani, akaona haujasema neno, akaingia chumbani kuleta hela.

Ukweli ni kwamba mlango ule haukuwahi hata kuuona mpaka. Ulichomelewa na fundi Pancras, pale Ngara mjini, kwa mteja aliyekosea vipimo akaususa. Ulikuwa mlango mzuri: chuma kizito, makomeo juu na chini, wavu wa mbu kwa ndani. Clever alikuwa nao mmoja tu, na hakuwa na nia ya kuwa na wa pili.

Mvua za kwanza zilipopita, alirudi Kanazi na kirikuu cha kukodi, kile kigari cha mizigo. Alimweleza Bonaventura kwamba rangi ya milango hiyo ni ya kuokwa, na baada ya mvua za kwanza lazima irudi kwenye tanuri. Huduma ni bure. Akaung'oa mlango kwa urahisi, kwa kuwa aliufunga kwa urahisi, akarudisha ule wa mbao, na mlango wa chuma ukaenda kulinda baa moja ya Ntobeye. Mwenye baa naye aliambiwa habari za Rusumo, akanyamaza, akalipa. Naye baada ya muda akapata huduma ya bure.

Walipopiga simu, Clever aliwaambia tanuri limeharibika na kipuri kinatoka Kigali. Wangemshtaki wapi? Kuingia kituoni kueleza kwamba mlango wako wa magendo umeibwa kunahitaji moyo mgumu kuliko chuma.

Hivyo ndivyo mlango ulivyofika Biharamulo, kwenye nyumba ya wageni ya Bi Shamsia. Bibi huyu alikuwa wa ukoo wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani enzi za mababu, na hakuna mtu pale mjini aliyekumbuka siku ukoo huo ulipopata hasara. Alitoka, akauzunguka mlango ukiwa bado juu ya kirikuu, akapapasa kona ya chini iliyobonyea kidogo.

"Nitauchukua," alisema. "Ila niambie, mwanangu, wewe ni mtu wa mlango mmoja mmoja, au ni kampuni kweli?"

"Kampuni kamili, mama."

"Basi Mungu amekuleta. Kuna mradi unataka kujenga nyumba za wafanyakazi huku kwetu. Shemeji yangu Muksini ndiye anayechagua wa kufunga milango na madirisha, na anataka watu wa hapa hapa. Akija hufikia kwangu. Sasa akute mlango wako mbele, halafu madirishani nyavu zimetoboka hivi, atasema nini juu yako?"

Clever alitazama madirisha. Yalikuwa mengi. "Hizo nyumba ni ngapi, mama?"

"Mtaa mzima."

Clever aliujua uongo kama mchinjaji anavyoijua nyama, lakini tamaa ina tabia ya kumziba masikio mwenye nayo kwanza. Alichukua vyote alivyovuna Kanazi na Ntobeye, akauza na pikipiki yake, akamleta Pancras na mashine ya kuchomelea, wafunge yote kwa gharama ya Clever mwenyewe. Bi Shamsia alipita kila asubuhi na ombi jipya, kwa sauti ya huruma: choo nacho kina dirisha, jikoni nako kunahitaji mlango, na huu wa mbele, kwa heshima ya mgeni, si ungekuwa mzito zaidi? Pancras akachomelea mwingine, na ule wa Kanazi ukaegemezwa uani.

Clever mwenyewe alishika fremu, akapima, akakwaruza kutu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kazi ilipokwisha, kila dirisha lilikuwa na grili na wavu uliowambwa kama ngoma. Pancras, ambaye kwa kawaida hakusifu kitu, alisimama barabarani akatazama muda mrefu, akasema, "Hii nyumba imefungwa."

Muksini alikuja na miwani na faili kwapani. Alitikisa grili moja moja, akavuta nyavu kwa kidole.

"Zinahimili mbu wa ziwani?"

"Mheshimiwa, hapa hata upepo unapiga hodi."

Muksini akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia asubiri kuitwa.

Aliitwa kweli, na Bi Shamsia. Aliingia sebuleni amevaa shati jeupe la kusainia mkataba, akamkuta Mzee Bonaventura anakunywa chai ya maziwa.

Clever akaamkia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tanuri limepona?"

Clever alimgeukia Bi Shamsia, naye alikuwa anamega chapati bila haraka. "Mimi hununua maharage Kanazi kila msimu," alisema. "Mzee alinionyesha mlango wake mpaka tukapiga nao picha. Na lile bonyeo la kona alilipiga mjukuu wake na baiskeli. Ulipouleta hapa niliutambua kabla hujanisalimia."

"Na Bwana Muksini?"

"Shemeji yangu kabisa. Anauza dagaa mwaloni."

"Na nyumba za wafanyakazi?"

"Zitajengwa, inshallah. Nchi inaendelea."

Hasira ikampanda Clever mpaka akasahau yeye ni nani. "Nitakwenda polisi," akasema.

"Huna haja ya kwenda. Kuna afande chumba cha mwisho, anakunywa uji. Nimwite?"

Clever aliketi bila kukaribishwa. Alijaribu kutafuta uongo, hata mdogo wa kuanzia, akakuta ghala tupu. Bonaventura, ambaye naye hakupenda afande aulize mlango ulipita wapi, aliweka kikombe chini.

"Mlango wangu unarudi leo," alisema. "Na wewe unarudi nao."

Kirikuu kilipoondoka, Clever aligeuka kuyatazama madirisha ya Bi Shamsia yaking'aa kwa jua, akajikuta anajivunia kazi yake. Jambo hilo lilimuudhi kuliko hasara yenyewe.

Kule Kanazi alikoroga saruji mwenyewe. Bonaventura aliketi kwenye kigoda akisimamia.

"Ongeza kokoto. Safari hii uuzike ukutani, usiufunge tu. Ukimaliza, tutakwenda Ntobeye. Yule mwenye baa ni shemeji yangu, naye utamchomelea mlango mpya."

Jirani, Mama Ildefonsa, alipita na jembe begani, akasimama.

"Huyu ndiye fundi wako wa mwanzo?"

"Ndiye."

"Na amerudi mwenyewe kuuimarisha?"

"Amerudi."

Ildefonsa alishika kiuno. "Mafundi wa sasa wakishakula hela, hata kivuli chao hukioni. Huyu amerudi." Akamgeukia Clever, akaanza kufungua fundo la kitenge chake. "Baba, na kwangu utakuja lini? Nikupe kianzio kabisa."

Clever aliona noti zikichungulia. Mate yakamjaa mdomoni, na maneno yakaanza kujipanga yenyewe: kuna mlango mmoja umekwama Rusumo, mama, ila usimwambie mtu.

Bonaventura akakohoa. "Hawachukui kianzio hawa. Wanafunga kwanza, mteja analala ndani akaridhika, ndipo analipa."

"Kumbe bado kuna watu," alisema Ildefonsa, akilikaza tena fundo lake. "Ndivyo, baba?"

Clever aliyameza yale mate, na yale maneno pamoja nayo, akachota saruji.

"Ndivyo, mama," alisema. "Ndio utaratibu wetu."