Mswada wa Milango Uliokosa Rais

Mheshimiwa Diwani, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, Mchungaji na Sheikh mliokaa benchi moja bila kusukumana, wazee wa mtaa wa Ziwani, akina mama mlioleta chapati, wanafunzi mliosimama juani, mabibi na mabwana, na wengine wote ambao vyeo vyenu vimeachwa na mpiga taipu wala si mimi (Makofi), kabla kitambaa hiki hakijaondolewa ukutani na jina langu kuonekana juu ya mlango wa ukumbi, natangaza rasmi kwamba kuna jambo nimelificha kwa miaka saba kuhusu Mpango wa Bunge la Darasani, na kwa mujibu wa itifaki nitalisema mwisho, baada ya takwimu. (Kicheko.)

Daktari ameniruhusu kuzungumza dakika tano, na kuishi, anavyokadiria, wiki tano. Lakini daktari huyo hajawahi kufanya kazi serikalini. Hajui kwamba dakika tano hazitoshi hata kusalimia. (Kicheko, makofi.) Ndiyo maana mimi, Naftaly Irungu, Mkaguzi wa Shule mstaafu, mwenye cheti cha pongezi na shahada ya nyumbani na ng'ambo, nimejileta kutoka Komarock nikiwa ndani ya mablanketi mawili.

Mpango huu, kama inavyosomeka katika ripoti yangu ya mwaka 1981, yenye kurasa sitini na mbili, viambatisho na jalada la kijani, ulilenga kuinua, kuimarisha, kuhamasisha na kuoanisha uelewa wa mwanafunzi kuhusu namna Bunge linavyotunga sheria, kwa kumfanya yeye mwenyewe awe mbunge kwa kipindi kimoja, na ulitekelezwa katika shule thelathini na nne za Eastlands, ambako asilimia tisini na nane nukta nne ya wanafunzi walielewa. Ile nukta nne niliiongeza mwenyewe, maana takwimu isiyo na nukta haiaminiki. (Kicheko. Diwani aandika.)

Kwa mfano hai, chukueni darasa la sita la shule hii hii, la Mwalimu Lydiah, yule pale nyuma karibu na dirisha. Simama, Mwalimu, wakuone. (Makofi. Hasimami.)

Kitabu kilikuwa na kurasa sita kuhusu Bunge, na watoto walikuwa wakisinzia kuanzia ule wa kwanza. Mwalimu akayapanga madawati pande mbili yakitazamana, Spika akavalishwa joho la kwaya, rula ya ubaoni ikawa siwa, lile rungu la Bunge. Likatokea tatizo la kiutendaji: upande wa pili ulikuwa mtupu, kwa kuwa kila mtoto alikuwa ameonywa nyumbani asipinge kitu chochote chenye jina la serikali. Mwalimu akawaambia, "Basi upande huu si wa kupinga. Ni wa kuuliza." Nusu ya darasa ikahama mbio. (Kicheko.)

Kadija, huyu binti mnayemwona anagawa soda, akawasilisha Mswada wa Milango ya Vyoo vya Wasichana. Kusomwa mara ya kwanza ni kutaja jina tu, halikuleta taabu. Mara ya pili, mheshimiwa Gordon akasimama: "Bwana Spika, hii maneno ya milango ni ya nini? Sisi maboyi hatuna milango na hatujakufa!"

"Bwana Spika," akajibu Kadija, "mwambie mheshimiwa avae sketi yangu achuchumae pale, na sisi tucheze mpira mbele yake."

Bunge zima hoi. (Kicheko kirefu.) Kwenye kamati, kifungu cha tatu, kilichotaka kila mlango uwe na komeo, kilirekebishwa ili komeo liwe la ndani, baada ya Gordon kutabasamu kwa namna iliyowatia wasichana shaka. Ukasomwa mara ya tatu. Wanaokubali? Ndiyo! Wasiokubali? Hata nzi hakusema.

Ikabaki hatua moja, idhini ya Rais. Mwalimu akauliza nani atakuwa Rais. Ndugu zangu, watoto arobaini na wanane walitazama viatu vyao, na wasio na viatu wakatazama vidole. (Kicheko kidogo.) Mnaijua miaka ile, cheo hicho mtu hakukiigiza hata ndotoni. Ndipo Mwalimu akanigeukia mimi, mgeni niliyekaa nyuma na mkoba wangu. "Bwana Mkaguzi, wewe ndiye mkubwa hapa. Tutilie sahihi."

Nikasema, "Nitaufikisha ngazi za juu." Sentensi hiyo niliitumia kwa miaka thelathini na moja, na haijamfikisha mtu popote.

(Sauti ya Kadija: "Na milango je, Mzee?")

Swali zuri, mwanangu. Milango iliwekwa. Iliwekwa katika ripoti, ukurasa wa arobaini, pamoja na picha. Picha ni ya milango ya ofisi yetu. (Kicheko. Diwani aacha kuandika.)

Ripoti ikapanda, nami nikapanda nayo cheo. Kisha ikashuka barua ya mstari mmoja: katika shule hizo thelathini na nne, nani anaigiza Rais? Mimi mtu mzima nilikwenda msalani mara tatu kabla ya saa nne. Nikajibu siku hiyo hiyo. Wakaridhika, wakanisifu kwa nidhamu. Haikupita wiki mbili, Mwalimu Lydiah akapelekwa shule ya mpakani, mwendo wa siku mbili, akamwacha mama yake mgonjwa hapa Ziwani. Mama akazikwa kabla ya taarifa ya msiba kumfikia binti. Mtaa mzima ukamlaumu Mwalimu Mkuu wa wakati ule, marehemu Njogu, kwa kuwa alikuwa amegombana naye juu ya vyoo. Watu walikataa chai yake. Mwaka jana alipokufa, walimu waliomsindikiza hawakujaza gari moja.

Sasa kaulimbiu, tafadhali, kwa sauti. Mtoto wa leo! (Mbunge wa kesho!) Sheria! (Ni msingi!) Milango! (Kadija peke yake: "Bado!")

Nawashukuru nyote, hasa shule thelathini na tatu ambazo jina la Bunge la Darasani hamkuwahi kulisikia, kwa kutonikana. Mpango haukuwapo. Kilichokuwapo ni kipindi kimoja cha dakika arobaini, cha Mwalimu Lydiah, wazo lake na jasho lake, nami nilikiangalia tu, tena nilichelewa. Kwa hiyo kitambaa hicho msikiondoe, mkamtafute fundi abadilishe jina. (Minong'ono. Mwalimu Lydiah asimama.)

Kaa, Mwalimu, au nenda. Una haki ya yote mawili. Ila usiondoke ukiwa bado unamchukia Njogu. Barua iliyoomba uhamishwe hakuijua. Niliiandika mimi.